Kabla hujaitupa hiyo oringi

Swali: Shikamoo mhandisi. Nina miaka 26 na shahada ya uhandisi mitambo, na huu ni mwaka wangu wa pili katika kiwanda cha kusafisha mafuta ya alizeti hapa Singida. Kazi yangu kubwa ni matengenezo ya valvu: kubadilisha oringi (zile pete za mpira za kuzibia), gasketi na glandi. Kuna valvu moja kwenye mstari wa mafuta ya moto ambayo oringi za spindeli yake, ile fimbo ya kuifungua na kuifunga, hazimalizi wiki tatu. Zinatoka ngumu kama plastiki, zimepasuka, na upande mmoja umekuwa bapa. Nimeagiza oringi za bei ya juu zaidi, hali ni ileile. Wenzangu niliosoma nao wako kwenye sola na programu za kompyuta, wananiuliza nitaacha lini kubadilisha mipira. Mimi natamani kubuni valvu, nisiishie kuzirekebisha. Je, hii ni taaluma ya kumtosha mtu maisha yake? Na kutoka hapa nilipo, napita wapi?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Umeuliza mambo mawili, la oringi na la maisha. Naanza na la oringi, maana nikilijibu vizuri, nusu ya lile jingine nitakuwa nimeshalijibu.

Umeandika maneno matatu ambayo mafundi wengi hawayaandiki: ngumu, imepasuka, bapa. Wengi huandika "imeharibika" na kuitupa. Mpira uliokufa unaonyesha ulivyokufa, ila kwa anayeutazama. Ukitoka umevimba na kulainika, umekutana na kimiminika usichopatana nacho. Ukiwa umenyofolewa ukingo mmoja tu, ule wa upande usio na presha, ujue presha imekuwa ikiusukuma kwenye mwanya kati ya spindeli na bodi, na mwanya huo umezidi upana. Ukiwa na mkato mmoja safi kama wa wembe, ulikatwa siku ileile ya kufungwa, ulipopitishwa juu ya meno ya skrubu au kwenye ukingo mkali ambao hakuna aliyeupiga msasa. Ukiwa na michirizi iliyojisokota kama kamba, ulikuwa unabiringika ndani ya mfuo, yaani mfereji mdogo unamokaa, badala ya kuteleza. Wako umekauka, umepasuka, na umebaki na umbo la mfuo uliokuwa umekaa. Huo umepikwa.

Ule ubapa ndio unaonihuzunisha kuliko nyufa. Oringi inaziba kwa sababu moja tu: imebanwa, na muda wote inataka kurudi kwenye duara lake. Kutaka kurudi huko ndiko kunakokandamiza chuma. Presha ikija, inaisukumia upande wa pili wa mfuo na kuifanya izibe zaidi. Joto likizidi, mpira unasahau umbo lake. Ukiutoa unakuta bapa, maana yake siku kadhaa kabla haujaanza kuvuja ulikuwa umeshaacha kusukuma. Baridi nayo inafanya hivyohivyo kwa muda. Asubuhi ya baridi ya tarehe 28 Januari 1986, kule Florida, oringi kwenye ungio la roketi ya pembeni ya chombo cha anga cha Challenger zilichelewa kurudi ungio lilipofunguka kidogo. Gesi ya moto ikapenya, chombo kikasambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa. Mbele ya tume ya uchunguzi, mwanafizikia Richard Feynman alikibana kipande cha mpira ule kwa klampu, akakitia kwenye glasi ya maji ya barafu, kisha akakifungua. Kilikawia kurudi, na kila aliyekuwapo alikiona.

Turudi Singida. Joto la kupika oringi yako linatoka wapi? Mafuta yenyewe yakiwa chini ya nyuzi 100 hayatoshi kuiua oringi ya mpira wa naitrili ndani ya wiki tatu, na oringi nyeusi ya dukani usiyoambiwa ni ya nini mara nyingi huwa naitrili. Hukuniambia mnausafishaje mstari huo. Nadhani mnaupuliza kwa mvuke kutoka boila, mwisho wa wiki au mnapobadilisha bidhaa. Tazama geji: mvuke wa bar 5 una joto la nyuzi 159 za Selsiasi hivi. Naitrili ya kawaida inavumilia 100 au zaidi kidogo. Saa moja au mbili za mvuke kila wiki, mara tatu, na hesabu yako ya wiki tatu inakubali.

Sasa uliagiza oringi za bei ya juu. Bora kwa lipi? Hapo ndipo wauza vipuri wanapotupoteza, na sisi tunakubali kupotea. Kuna mpira wa FKM, ambao wengi wanauita kwa jina la kibiashara la Viton. Unavumilia mafuta ya moto hadi nyuzi 200 hivi, lakini aina zake nyingi hudhoofishwa na mvuke na maji ya moto, na kostiki, ile soda kali mnayotumia kusafishia mafuta, inaula pia. Kuna EPDM: huo unaupenda mvuke, unaipenda kostiki, ila ukikutana na mafuta unavimba. Na yote hiyo mara nyingi ni myeusi, ukiipanga mezani hutaitofautisha kwa macho.

Kuhusu kuvimba nina ushahidi wangu. Mwaka 1994 nilianza kazi kwenye kiwanda chenye mashine za kukandamiza za haidroliki. Tuliletewa oringi mpya, vipimo sawasawa, nikasaini kwamba zifungwe. Siku ya pili silinda moja iligoma kurudi. Fundi mkuu wetu, mzee wa Pangani asiye na cheti hata kimoja, aliifungua na kunipa oringi mkononi. Ilikuwa nene na imelegea, na ukiibonyeza kwa ukucha alama inabaki, kama andazi lililosahauliwa kwenye chai. Alijaribu kuirudisha kwenye mfuo wake ilikotoka jana yake, ikaning'inia nje, mfuo haukuitosha. Ilikuwa EPDM ndani ya mafuta ya haidroliki, na saini ilikuwa yangu. Mzee hakunigombeza. Alikwenda kwenye kabati lake akatoa kopo la maziwa ya unga. Ndani kulikuwa na vipande vya mipira, viti vya valvu (pale kifungio kinapokaa valvu ikifungwa) vilivyoliwa, springi zilizokatika, kila kimoja kimefungwa karatasi yenye tarehe na jina la mashine. Akaifunga ile yangu na kuitia humo. Tangu siku hiyo sijatupa kipande kibovu bila kukiandikia karatasi.

Kwa hiyo hakuna oringi moja rahisi itakayokubali mafuta, mvuke na kostiki kwa pamoja. Fundi mzuri akifika hapa anatafuta mpira wa gharama zaidi, na upo, ila bei yake itamshtua mhasibu wenu. Mbunifu anauliza swali jingine: kwa nini mpira umekaa pale penye joto? Labda spindeli inaweza kurefushwa na shingo ya valvu ikainuliwa, sili, yaani kile kinachoziba, ikae mbali na bomba ambako chuma kimeshapoa. Labda mahali pa oringi pawekwe glandi ya PTFE, ileile malighafi ya tepu nyeupe ya mafundi bomba, ambayo haijali mafuta, mvuke wala kostiki. Lakini PTFE ina tabia ya kutambaa taratibu ikibanwa, kwa hiyo utaiwekea washa za springi juu yake zifuatilie inavyosinyaa. Au labda mvuke wa bar 5 hauhitajiki kabisa, na wa bar 1, wenye nyuzi 120 hivi, unasafisha vilevile kwa muda mrefu kidogo, na naitrili iliyoboreshwa kwa haidrojeni, HNBR, itamudu. Hizo ni njia tatu, na kila moja ina gharama yake na hatari yake. Kukaa nazo, kuzipima, kuchagua moja na kuweka jina lako chini ya mchoro ndiyo kazi unayoniuliza. Ndiyo maana nakuambia umeshaianza, ila hujaiandika kwenye karatasi.

Niendelee na maisha yangu kidogo, maana uliuliza njia. Mwaka 2003 nilikwenda Oman, kwenye karakana ya kukarabati na kupima valvu za mabomba ya gesi. Wazee kadhaa pale walizungumza Kiswahili cha Unguja, nikajifunza sehemu ngumu kabisa ya kazi hii kwa lugha yangu. Walinionyesha ugonjwa ambao sikuwahi kuusikia darasani. Gesi yenye presha ya bar 100 inaingia ndani ya mpira wenyewe, polepole, kama chumvi inavyoingia kwenye samaki. Siku mnapoutoa upepo mstari kwa haraka, gesi iliyo ndani ya mpira inataka kutoka yote kwa mara moja. Nje oringi inaonekana nzima. Ukiikata kwa wembe na kuitazama kwa lenzi, ndani imejaa nyufa na mapovu, kama mkate. Valvu ilikuwa inarudi kwetu na malalamiko kwamba inavuja, tunaweka oringi mpya, inapita kipimo, inarudi tena.

Nilipewa kazi ya kuibadilisha sili ya kiti. Nilitoka kwenye oringi ya unene wa milimita 5.33 nikaenda 3.53, kwa sababu mpira mwembamba hutoa gesi yake upesi kabla haijaupasua. Nikachagua mchanganyiko mgumu, 90 kwa kipimo cha ugumu cha Shore A, na mfuo unaoubana zaidi mpira usipate nafasi ya kututumka. Kwenye karatasi ni mistari minne iliyobadilika. Ilinichukua karibu mwaka mzima wa kujaribu, kwa sababu ukibana mpira mgumu, spindeli inakuwa nzito kuizungusha, na ukiilegeza kwa ajili ya mkono wa mwendeshaji, inavuja. Bodi ya valvu hupimwa kwa maji kwa presha mara 1.5 ya presha yake ya kazi, kiti mara 1.1, na valvu ya kiti laini hairuhusiwi hata tone moja linaloonekana. Siku ya kipimo cha mwisho nilisimama mbele ya ile geji nikiitazama sindano, na haikushuka. Huo ndio mchoro wangu wa kwanza wa valvu.

Kuna ngazi moja zaidi, na ningependa uijue mapema kuliko nilivyoijua mimi. Baada ya sili na mtiririko kunakuja swali la mfumo mzima: valvu hii ikishindwa, inashindwa ikiwa wazi au imefungwa, na aliye kwenye chumba cha udhibiti atajuaje? Tarehe 28 Machi 1979, kwenye kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, valvu ya kupunguza presha ilifunguka kama ilivyotakiwa, kisha ikakwama wazi. Kwenye paneli taa ilizimika, na waendeshaji wakaelewa kwamba imefunga. Taa ile ilikuwa inaonyesha kwamba amri ya kufunga imetumwa. Haikuwa na habari yoyote ya valvu yenyewe ilipo. Maji ya kupoza yakaendelea kutoka kwa zaidi ya saa mbili, na sehemu kubwa ya kiini cha kinu ikayeyuka. Nimekuwa nikiirudia habari hii kwa kila kijana niliyefanya naye kazi. Ukibuni valvu, kipimo cha mahali ilipo kitoke kwenye spindeli, kwenye chuma kinachosogea.

Jaribu hilo hapo kwenu. Valvu yako inaendeshwa kwa upepo wa kompresa, si ndiyo? Umeme ukikatika na kompresa ikazima, springi inaipeleka wapi? Valvu ya mafuta ya kuwashia boila lazima ijifunge. Valvu ya maji ya kupozea, mara nyingi unataka ijifungue. Ya mstari wa mafuta ya moto inategemea kilichopo mbele yake na nyuma yake. Nenda kaulize. Usishangae ukikuta hakuna ajuaye, na ukilipata jibu, liandike kwenye kibao na ukining'inize hapo.

Mtiririko nitaupita haraka, ingawa ni bahari, kwa kuwa vitabu vyake ulishavisoma chuoni. Shika mambo mawili. La kwanza ni pigo la maji. Nikolai Zhukovsky alilifanyia kazi kwenye mabomba ya maji ya Moscow mwishoni mwa karne ya 19, na hesabu yake bado ndiyo tunayotumia: wiani wa maji mara kasi ya wimbi mara badiliko la mwendo. Kwenye bomba la chuma wimbi linakwenda kama mita 1,200 kwa sekunde, kwa hiyo ukisimamisha ghafla maji yaliyokuwa yakienda mita 1 tu kwa sekunde, umeongeza bar 12 papo hapo. Kwenye bomba la kilomita 3 wimbi linachukua sekunde 5 kwenda na kurudi, na valvu inayofunga kwa sekunde 2 kwake imefunga ghafla. La pili ni mapovu ya mvuke yanayozaliwa presha inapoporomoka ndani ya valvu na kupasuka presha inapopanda tena. Utayasikia kabla hujayaona: bomba linatoa sauti kama kokoto zinapita ndani. Ukisikia hivyo, kiti cha valvu kinaliwa.

Sasa njia. Shahada unayo. Kama bado hujajiandikisha Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama Mhandisi Mhitimu, fanya mwezi huu, kisha ingia kwenye ule mpango wa bodi wa mafunzo ya vitendo wa miaka mitatu, SEAP, na matengenezo haya ya valvu yawe sehemu ya kumbukumbu zako za kazi. Omba karakana yenu wakuachie mashine ya kukereza jioni. Ukereze mfuo wa oringi mwenyewe, uharibu, ukereze tena, mpaka mkono wako ujue nusu ya sehemu ya kumi ya milimita ikoje. Wabunifu wengi wanaochora vitu visivyowezekana kukerezwa hawajawahi kushika chombo hicho. Jifunze kuchora kwa kompyuta jinsi wenzako wanavyojifunza programu, na usiwaone wamepotea. Mimi mwenyewe siku hizi nahesabu mtiririko kwa programu na nashukuru waliozitengeneza.

Viwanda vya kubuni na kuunda valvu huku kwetu ni vichache mno, na sitakuficha. Viko Ujerumani, Italia, India hasa eneo la Coimbatore, na Afrika Kusini. Mtu anayeingia huko akiwa amefungua valvu mia tano zilizokufa anasikilizwa kuliko mwenye alama nzuri peke yake. Lakini usidhani lazima uondoke. Bomba la gesi la inchi 36 kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam liko tangu 2015. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, ni la mafuta yenye nta ambayo yakipoa yanaganda, kwa hiyo lazima lipashwe moto njia nzima, na mpira na joto ni habari tuliyoanza nayo. Olkaria, Kenya, kuna mvuke unaotoka ardhini na silika inayojijenga kwenye valvu kama ukoko wa sufuria. Wote hao wanahitaji mtu wa kukaa na kuamua sili gani, ikae wapi, ifunge kwa sekunde ngapi. Mshahara wa mwanzo ni mdogo kuliko wa wenzako. Baada ya miaka kama kumi haukuwa hivyo kwangu.

Na kama unahofia muda, Niels Christensen, Mdenmark aliyehamia Marekani, alipata hataza ya oringi mwaka 1939 akiwa ameshapita miaka 70. Nami nina miaka 57, na wiki iliyopita nilikaa hadi usiku na sili moja isiyonielea akilini.

Sasa kuhusu siku mtakaposimamisha mitambo. Funga mvuke na utie kufuli lako mwenyewe, toa presha yote, subiri chuma kipoe. Fungua shingo ya valvu. Pima unene wa oringi mpya iliyo stoo, na kina cha mfuo pamoja na mwanya, sehemu tatu tofauti. Kama oringi ni milimita 3.53 na kina ni 3.05, umebana asilimia 14 hivi, na kwa spindeli inayosogea hiyo inafaa. Kama stoo wamekupa ya milimita 3.0, haibanwi kabisa, na tatizo lako ni dogo kuliko tulivyodhani. Kumbuka pia kwamba mpira unatanuka kwa joto zaidi ya mara kumi ya chuma, kwa hiyo usiuache mfuo bila nafasi. Pitisha ukucha kwenye spindeli. Ukikwama penye mkwaruzo, andika. Kata kipande cha oringi mpya, kitumbukize kwenye kikombe cha mafuta yenu ya moto, na kingine kwenye maji ya kostiki, uvipime baada ya siku tatu. Kisha niandikie namba zote, pamoja na presha ya mvuke na dakika mnazopuliza.

Na ile oringi ya mara ya mwisho, kama bado iko kwenye pipa la taka la karakana, iokote.